Makosa ya Ukweli katika Filamu za Katuni na za Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simba anaongea na ngiri anaimba. Kwa nini hilo lisihesabiwe kuwa kosa?

Kwa sababu filamu imelitangaza waziwazi tangu dakika ya kwanza, na mtazamaji, hata awe wa miaka minne, amelikubali. Hadithi zetu za sungura na fisi zimekuwa hivyo tangu zamani, na hakuna mtoto aliyekua akiamini kwamba sungura huenda kumkopa fisi unga. Kosa la ukweli ni jambo jingine. Ni lile ambalo filamu hailitangazi bali hulipitisha kimya kimya, kana kwamba ndivyo dunia ilivyo: mnyama kuwekwa katika nchi asikoishi, dume kupewa kazi ya jike, tukio la kihistoria kusogezwa miaka mia kadhaa, au neno la lugha ya watu kubandikwa maana lisilokuwa nayo. Kipimo kinachotumika katika majibu yafuatayo ni kimoja tu: je, mtazamaji angeweza kutambua kwamba hapo anatungiwa? Akiweza, huo ni ubunifu. Asipoweza, hilo ni kosa, hata kama mtengenezaji alilifanya kwa makusudi na kwa sababu nzuri.

Makosa ya upigaji picha, kama vile kikombe kinachohama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, hayamo humu. Hayamdanganyi mtu kuhusu dunia.

Je, majina ya wahusika wa The Lion King ni ya Kiswahili kweli?

Mengi ya majina ya katuni hiyo ya mwaka 1994 ni ya Kiswahili, lakini si yote, na maana zinazosambazwa kuhusu baadhi yake si za kweli. Simba ni simba na Rafiki ni rafiki. Hapo hakuna ubishi. Sarabi, mama yake Simba, ana jina zuri lililotoka Kiarabuni, ambalo wengi wetu siku hizi tungelitaja kwa neno mazigazi. Shenzi linaeleweka bila kamusi. Pumbaa vilevile: kupumbaa ni kuduwaa na kupotewa na akili. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchele huku sisi tukitazama, alilisikia jina hilo, akainua kichwa na kuuliza, "Na mamake alimpa jina hilo akimtazama usoni?" Banzai ni neno la Kijapani la kushangilia, Timon ni jina la Kigiriki, na Ed ni Ed.

Matatizo yako kwa Nala, mchumba wa Simba, na Mufasa, baba yake Simba. Orodha nyingi za majina ya watoto zinazosomwa Ulaya na Marekani hudai kwamba Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili, na wapo wasichana wengi waliopewa jina hilo kwa imani hiyo. Kwa Kiswahili zawadi ni zawadi, au tunu, au hidaya ukipenda maneno ya kale. Sikio la Mswahili likisikia "nala" husikia mtu anayesema kwamba anakula. Kwa bahati njema jina hilo linamfaa mhusika mwenyewe, kwa kuwa majike ndio wanaofanya sehemu kubwa ya uwindaji katika kundi la simba. Mufasa naye hutafsiriwa kuwa "mfalme", ilhali neno hilo halimo katika Kiswahili kwa maana hiyo wala kwa maana nyingine.

Filamu ya pili, ya mwaka 1998, ilikuwa makini zaidi: Kovu ni mtoto anayetarajiwa kurithi nafasi ya Scar, ami yake Simba aliyeutwaa ufalme, ambaye jina lake la Kiingereza lina maana hiyo hiyo ya kovu, na Vitani ni dada aliyelelewa kwa ajili ya vita. Kuhusu Nuka, nadhani aliyelichagua jina hilo alijua vizuri alichokuwa akifanya.

Na "hakuna matata" ni Kiswahili sahihi?

Ni sahihi, na wanaosema kwamba maneno hayo yalibuniwa Marekani wanakosea. Wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, ulikuwa umeshaueneza msemo huo kwa watalii tangu mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu. Ni kweli kwamba mtu wa Dar es Salaam atakwambia "hamna shida" au "hakuna tabu", na akisikia neno matata atafikiria zaidi ugomvi au mambo yaliyofungamana; lakini tofauti ya mazoea ya mji na mji si kosa la lugha.

Kilio kinachosikika jua linapochomoza mwanzoni mwa filamu ni Kiswahili?

Hapana, ni Kizulu, na kilitungwa na kuimbwa na Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini. Kosa hapa ni la watazamaji. Filamu yenyewe, hata hivyo, imelirahisisha: imechukua majina ya mashariki ya Afrika na sauti za kusini, ikaviweka katika nchi moja isiyo na jina.

Rafiki ni nyani au ni mnyama mwingine?

Katika filamu anaitwa nyani, ana mkia mrefu wa nyani, lakini uso wake wenye pua nyekundu na mashavu ya buluu ni wa mandrili. Mandrili ana kimkia kifupi sana kinachoelekea juu, na makazi yake ni misitu minene ya Kameruni, Gabon, Guinea ya Ikweta na Kongo-Brazzaville. Hakuna mandrili anayeishi kwenye mbuga za nyasi za Afrika Mashariki, wala hajawahi kupanda mbuyu wa huku. Timon naye ni mnyama wa jamii ya nguchiro, ila aina yake huishi nyanda kavu za kusini, hasa Kalahari, katika Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Nguchiro wetu wangeweza kuifanya kazi hiyo bila kusafirishwa. Kosa lililo mbali zaidi kijiografia ni dogo kwa umbo: katika wimbo wa ufunguzi unapita msafara wa sisimizi waliobeba vipande vya majani juu ya tawi. Sisimizi hao wakata-majani wanapatikana katika mabara ya Amerika pekee.

Uhamishaji wa namna hii haukuanza mwaka 1994. The Jungle Book ya mwaka 1967 ilimweka orangutani kuwa mfalme wa kima nchini India, ilhali orangutani huishi Borneo na Sumatra tu. Ilipotengenezwa upya mwaka 2016, mhusika huyo aligeuzwa kuwa Gigantopithecus, sokwe mkubwa wa kale aliyekwisha kutoweka, na hivyo kosa la mahali likabadilishwa kuwa kosa la wakati. Binafsi naona hilo la pili lina heshima kidogo, maana angalau mtu alifungua kitabu.

Je, ufalme wa simba hurithiwa na mwana kutoka kwa baba?

Haurithiwi. Msingi wa kundi la simba ni majike wenye undugu, mama, mabinti, dada na shangazi, ambao hubaki katika eneo lao maisha yote. Madume ni wapitaji. Dume kijana huondoka au hufukuzwa akiwa na umri wa miaka miwili hadi mitatu, huzurura na ndugu zake, kisha wakipata nguvu huvamia kundi la wengine na kulishikilia kwa miaka michache hadi watakapoondolewa wao. Kwa hiyo Simba kurudi nyumbani na kulitwaa kundi alimozaliwa ni kinyume cha utaratibu.

Upande wa Scar kuna mambo mawili yanayovutana, na yanafaa kuelezwa pamoja. Kama tutamchukulia kuwa mvamizi, basi filamu imemtakasa mno, kwa sababu dume mgeni anapotwaa kundi huwaua watoto wadogo anaowakuta, ili mama zao warudi haraka katika hali ya kushika mimba. Jambo hilo limeshuhudiwa na watafiti Serengeti kwa miongo mingi. Lakini kama tutamchukulia kuwa ndugu wa Mufasa, kama hadithi inavyosema, basi hakuwa na sababu ya kijicho. Madume ndugu hulishikilia kundi kwa pamoja na wote huweza kuzaa na majike. Yule mtu wa pembeni, aliyekonda kwa wivu pangoni, ni binadamu aliyevikwa manyoya.

Liko pia swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini: kama Mufasa na Scar ndio madume pekee wa kundi, baba yake Nala ni nani? Jibu la kibiolojia ni mmoja kati ya hao wawili, jambo linalomfanya Nala awe dada wa Simba kwa baba au binti wa ami yake. Katika maumbile dume huondoka nyumbani, na hivyo tatizo hilo huepukwa kwa sehemu kubwa.

Fisi walionewa?

Walionewa, na hili naliona kuwa kosa zito kuliko yote yaliyo katika filamu hiyo, kwa sababu linakubaliana na dharau ambayo fisi anayo tayari katika hadithi zetu wenyewe. Filamu inawaonyesha fisi kama wavivu wenye njaa wanaosubiri kupewa mapande ya nyama na simba. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa usiku na mchana Ngorongoro na Serengeti katika miaka ya 1960, alikuta mambo yakiwa kinyume. Katika kreta ya Ngorongoro fisi waliwinda wenyewe sehemu kubwa sana ya chakula chao, na mara nyingi ni simba waliofika baadaye, wakawafukuza na kula mzoga ambao hawakuutolea jasho. Mtalii afikaye asubuhi humkuta simba akila na fisi wakizunguka kwa mbali, naye hujaza mwenyewe sehemu ya hadithi ambayo hakuiona.

Jambo moja filamu ililipata. Fisi madoa huongozwa na majike, ambao ni wakubwa kuliko madume, na mtoto huchukua cheo cha mama yake. Kwamba Shenzi, jike, ndiye msemaji wa fisi watatu wa filamu hiyo, yeye, Banzai na Ed, ni sahihi kabisa. Kwamba ukoo mzima wa fisi unaweza kuitii amri ya simba dume mmoja ni hadithi.

Yapo makaburi ya tembo?

Hakuna mahali ambapo tembo huenda kufia kwa hiari. Tembo husimama kwenye mifupa ya tembo wenzao, huigusa kwa mkonga na kuigeuza, na tabia hiyo imethibitishwa. Bonde lililojaa mafuvu halijathibitishwa. Tembo wazee ambao meno yao ya kutafunia yamekwisha huelekea kwenye majani laini karibu na maji, hivyo mifupa kadhaa inaweza kukutwa sehemu moja.

Ni kweli kwamba baba yake Nemo angegeuka kuwa jike?

Ni kweli, na huu ndio mfano unaowashangaza watu zaidi. Nemo, wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ni samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, aishiye katikati ya minyiri ya anemoni inayowasha. Ndugu zake wa karibu wapo katika matumbawe ya pwani yetu. Aliyewahi kuzamia Mafia, Chumbe au Watamu akiwa na miwani ya maji amewaona wakichungulia na kurudi ndani kama watoto mlangoni. Katika kila anemoni mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata kwa ukubwa ni dume lake, na waliobaki ni wadogo wasiozaa. Wote huanza maisha wakiwa na uwezo wa kuwa madume. Jike akifa, dume hubadilika na kuwa jike, na mkubwa kati ya wale wadogo hupanda kuwa dume. Utaratibu huo umeandikwa na wanasayansi tangu miaka ya 1970. Filamu inaanza kwa mama kuliwa na samaki mwingine. Kwa hesabu za matumbawe, Marlin, baba yake Nemo, angekuwa mama wa familia hiyo kabla Nemo hajafikia umri wa kwenda shule.

Tena, filamu hiyo haikufanywa na watu wasiojua. Mtaalamu wa samaki Adam Summers aliwafundisha wachoraji wake namna samaki wanavyoogelea na kutumia mapezi, na mwendo wa samaki katika filamu hiyo ni wa kusifiwa hadi leo. Walichagua tu kutoligusa jambo la jinsia.

Na je, nyangumi anaweza kumtoa samaki kupitia tundu la juu ya kichwa?

Hawezi. Tundu hilo ni pua yake. Linaelekea kwenye mapafu, na nyangumi hapumui kwa kinywa; hakuna njia ambayo samaki aliyemo kinywani angeweza kuipita hadi akarushwa nje na mvuke. Wavuvi wa pwani ya Kenya na Tanzania huwaona nyangumi wenye nundu wakipita takribani kati ya Julai na Oktoba, na ile chemchemi wanayoiona ikiruka ni pumzi ya joto inayoganda kuwa manyunyu, pamoja na maji kidogo yaliyokuwa juu ya tundu.

Kwa nini wadudu wa katuni karibu wote ni madume?

Swali hili lilistahili kuwa la kwanza. Katika Bee Movie ya mwaka 2007, nyuki kijana aitwaye Barry anahitimu na kutakiwa achague kazi mzingani, na madume mashupavu ndio wanaotoka kwenda kutafuta nekta na chavua. Mfugaji nyuki yeyote wa Tabora angecheka kabla ya dakika ya kumi kupita. Kazi zote za mzinga, kuanzia kusafisha vitundu, kulisha watoto na kujenga masega hadi kulinda mlango na kwenda machungani, hufanywa na nyuki vibarua, ambao ni majike. Dume kazi yake ni moja, kumpanda malkia akiwa angani, na akifanikiwa hufa papo hapo.

Wakati mmoja mrina asali alinishikisha nyuki dume. Alimchukua kwa vidole viwili bila haraka, akamweka kiganjani mwangu, na mimi nikaurudisha mkono nyuma kwa woga. "Huyo hana kitu," akaniambia. Alikuwa mnene, ana makalio butu yasiyo na ncha, na macho makubwa yaliyokaribia kukutana utosini. Akatembea mkononi mwangu kama mgeni aliyepotea njia. Kutokuwa na mwiba kwake si bahati nasibu: mwiba wa nyuki ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika umbo na kuwa silaha, hivyo dume hawezi kuwa nao hata kidogo. Katika filamu, Adam, rafiki wa kiume wa Barry, anamchoma mwiba mwanasheria.

Filamu hiyo pia inaanza kwa kudai kwamba kwa mujibu wa kanuni za urukaji nyuki hapaswi kuweza kuruka. Dai hilo ni la zamani na si la kweli. Kanuni za ndege za chuma, zenye mabawa yasiyopigwapigwa, ndizo zisizomweleza nyuki. Mwaka 2005 watafiti wa California waliwapiga picha za kasi kubwa na kuonyesha kwamba nyuki hupiga mabawa mara 230 hivi kwa sekunde, kwa mkupuo mfupi na kwa kuyageuza kila anaporudi, na kwamba nguvu inayopatikana inatosha kumwinua yeye na mzigo wake.

Humo humo yumo mbu dume anayependa damu. Kwa msomaji wa ukanda wetu sihitaji kueleza mengi: mbu anayeuma ni jike, maana ndiye anayehitaji damu ili mayai yake yakomae, na dume huishi kwa utomvu wa mimea. Kampeni ya vyandarua nzima imesimama juu ya tabia za majike.

Sisimizi wamepata mkosi huo huo. Mwaka 1998 zilitoka filamu mbili za sisimizi, Antz na A Bug's Life, na katika zote mbili shujaa ni mfanyakazi wa kiume, ilhali sisimizi vibarua ni majike. Antz iliwaachia wahusika wake miguu sita. A Bug's Life iliwapa minne, kwa sababu kiumbe mwenye mikono miwili na miguu miwili hupendwa upesi kuliko mdudu halisi. Katika Madagascar ya mwaka 2005, Julien, lemuri mwenye mkia wa pete, ni mfalme. Katika aina hiyo ya lemuri, jike yeyote mzima humtawala dume na kumnyang'anya chakula mdomoni. Ukiyapanga haya pamoja na kisa cha Marlin, utaona kwamba kosa halikwenda upande mwingine hata mara moja. Hakuna mnyama wa kiume katika mifano hii aliyepewa uke kwa kupitiwa.

Ni maputo mangapi yanahitajika kuinua nyumba, kama katika Up?

Hesabu yake ni nyepesi. Lita moja ya heliamu huinua takribani gramu moja. Puto la kawaida la sherehe lenye lita 14 huinua basi gramu 14, kabla ya kuondoa uzito wa mpira na uzi. Wachoraji wa filamu hiyo ya mwaka 2009 waliweka maputo 20,622 katika onyesho la nyumba kung'oka. Zidisha mara 14 na utapata chini kidogo ya kilo 289, yaani uzito wa makochi na kabati, labda na mzee mwenye nyumba. Tukikadiria kwamba nyumba ya mbao yenye vyumba na samani ina tani 40, tutahitaji karibu maputo milioni 3. Hata hivyo, silihesabu hili kuwa kosa kwa kipimo cha swali la kwanza: mtoto anajua kwamba nyumba hairuki.

Lemingi hujiua kwa makundi?

Hawajiui, na watu wengi walioamini hivyo waliaminishwa na filamu ya familia ambayo haikuwa katuni. White Wilderness, filamu ya wanyama ya kampuni ya Disney ya mwaka 1958 iliyopata tuzo ya Oscar, ilionyesha panya hao wadogo wa nchi za baridi wakijirusha baharini kutoka kwenye genge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 televisheni ya CBC ya Kanada ilifichua kwamba onyesho hilo lilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari na ambako lemingi hao hawakuwa wa asili. Waliletwa kutoka kwingine, wakazungushwa juu ya sahani kubwa iliyofunikwa theluji ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa mtoni. Lemingi huhama wanapozidi idadi, na wengine huzama wakivuka maji. Filamu hii naiweka katika daraja la peke yake, kwa kuwa ilijiita ya kweli.

Dinosau, mamothi na dodo waliwahi kuonana?

Hapana. Dinosau wa mwisho, ukiacha ndege waliotokana nao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mamothi, wale wanyama wa kale wa jamii ya tembo wenye manyoya, ni wa juzi kwa kulinganisha. Ndege dodo, asiyechanganywa na embe dodo, aliishi kisiwani Morisi peke yake, naye alitoweka katika karne ya 17 baada ya mabaharia kufika. Katika Ice Age ya mwaka 2002 anaonekana akigombea matikiti barafuni.

Filamu ya Dinosaur ya mwaka 2000 inatugusa kwa karibu zaidi. Ina lemuri, ambao hawakuwapo zama hizo, na ina Brachiosaurus mzee anayeonyeshwa akiwa hai wakati kimondo kinapoanguka. Wanyama wa jamii hiyo tunawafahamu kutokana na Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, vibarua wa Kiafrika walichimba na kubeba mifupa kwa vichwa hadi bandarini. Mjusi huyo, ambaye sasa wanasayansi humwita Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na mjadala wa kurudishwa kwake haujaisha. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Muda uliopo kati yake na kimondo kile ni mrefu kuliko muda uliopo kati ya kimondo na sisi.

Filamu za kihistoria zinakosea wapi?

Mara nyingi zinakosea katika umri wa watu. Pocahontas wa filamu ya mwaka 1995 ni mwanamke mzima anayependana na John Smith. Pocahontas wa historia alikuwa na umri wa miaka 11 hivi Waingereza walipofika Virginia mwaka 1607, yaani mtoto wa darasa la tano. Aliolewa na mtu mwingine, John Rolfe, mwaka 1614, akafa Gravesend, Uingereza, mwaka 1617. Anastasia wa filamu ya mwaka 1997 ana miaka minane mwaka 1916, ilhali binti huyo wa mfalme wa Urusi alizaliwa mwaka 1901. Alipigwa risasi pamoja na wazazi na ndugu zake mjini Yekaterinburg usiku wa kuamkia Julai 17, 1918, na mabaki ya watoto wawili waliokuwa hawajapatikana yaligunduliwa mwaka 2007 na kuthibitishwa kwa vipimo vya vinasaba. Rasputin, mchawi wa filamu anayeilaani familia hiyo, alikuwa kipenzi cha malkia, na ni kwa sababu hiyo wakuu wa nchi walimuua.

Mulan ya mwaka 1998 inachanganya zama. Utenzi wa kale wa Kichina ambao hadithi yake imetolewa unahusishwa na dola ya Wei ya Kaskazini, iliyokoma karne ya 6, lakini kasri linalopigwa picha linafanana na Jiji Lililokatazwa la Beijing, lililojengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, na baruti inayolipuliwa ilikuwa haijavumbuliwa.

Toleo jipya la The Lion King la mwaka 2019 limerekebisha makosa hayo?

Kidogo. Shenzi amepandishwa cheo na kuwa kiongozi kamili wa ukoo wa fisi, jambo linalolingana na ukweli. Rafiki bado ni mandrili aliye mbali na msitu wake, na Timon bado hajarudi Kalahari. Banzai na Ed wameondolewa, na nafasi zao wamepewa fisi wawili wenye majina yenye sauti ya Kiswahili zaidi. Mmoja ni Azizi, jina ambalo mama yeyote wa pwani angempa mwanawe. Mwingine anaitwa Kamari.